Kijivu Kilichokolea: Jina, Mwanga na Ukuta wa Sebule

Waswahili husema moto huzaa jivu. Methali hii humsuta mwana asiyefikia sifa za mzazi wake, na kutokana nayo jivu limebeba kwa muda mrefu maana ya kitu kilichopoa, kilichokwisha, kisicho na fahari. Kwa Wakenya wengi, kijivu kina kumbukumbu nyingine isiyo ya fahari pia: ni rangi ya kaptura na sketi za sare za shule, iliyochaguliwa, yamkini, kwa kuwa haionyeshi uchafu upesi. Ni ajabu basi kwamba rangi hii ndiyo iliyopanda daraja hadi kuwa rangi ya ukuta wa heshima katika sebule nyingi za mijini. Ukuta unaobeba runinga hupakwa kijivu kilichokolea, dari ya jipsamu hubaki nyeupe, na taa zilizofichwa kwenye kingo za dari hummulika mgeni kabla hajaketi.

Makala haya yanahusu kijivu hicho: kinavyoitwa, kinavyotengenezwa dukani na kinavyotumiwa ndani ya nyumba. Huenda msomaji akauliza mada ya fundi wa rangi inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu limo katika kosa lenyewe linalotokea mara kwa mara. Mteja huingia katika duka la vifaa vya ujenzi, akasema anataka kijivu. Muuzaji humpa kadi yenye vipande vya rangi, kila kipande kikiwa na jina la Kiingereza na nambari. Mteja, muuzaji na fundi wanazungumza Kiswahili watatu hao, lakini jina linaloamua kitakachomiminwa ndani ya mkebe halimo katika mazungumzo yao. Mteja huweka kidole juu ya kipande kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Mashine hutia rangi, mkebe hutikiswa, pesa hulipwa. Kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma, kwa maana rangi iliyochanganywa kwa agizo la mtu mmoja haina mnunuzi mwingine, na maduka kwa kawaida hayaipokei tena. Kufikia jioni ya siku ya pili sebule imekuwa ya buluu, au ya zambarau, au imekuwa pango. Fundi hulaumiwa, muuzaji hulaumiwa, na ikiwa nyumba ni ya kupanga, mpangaji hujua kwamba siku ya kuhama amana yake itakatwa ili ukuta urejeshewe weupe wake. Hasara ni mara 2 kwa neno 1 lililoeleweka kwa njia 3.

Jina la kijivu

Kiswahili kina sifa 3 tu za rangi zinazochukua viambishi vya upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi zilizosalia hutajwa kwa kurejelea vitu. Kijani ni cha jani, kahawia ni ya kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, waridi ni ua, samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Kijivu nacho ni jivu lililotiwa kiambishi ki- cha mfanano, kile kile kinachopatikana katika kitoto au kizee tunaposema mtu anatenda kitoto au anatembea kizee. Kusema ukuta ni wa kijivu ni kusema ukuta unafanana na jivu.

Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969 kuhusu istilahi za msingi za rangi, walipanga lugha za dunia kwa hatua, wakadai kwamba istilahi za rangi huzuka kwa utaratibu maalumu. Kijivu walikiweka katika hatua ya mwisho pamoja na zambarau, waridi na rangi ya machungwa. Baadaye dai hilo lililegezwa, ikakubaliwa kwamba kijivu ni mkaidi na huweza kuzuka mapema kuliko nadharia ilivyotarajia. Kwa makusudi ya makala haya, la muhimu zaidi ni jambo ambalo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anaweza kulihakiki mwenyewe. Zile sifa 3 za asili zina viigizi vyake vya kutilia mkazo: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Kijivu hakina kiigizi. Hakuna sauti moja fupi inayoweza kukisukuma hadi kwenye kilele chake. Tunaweza kukipunguza nguvu kwa uradidi, tukapata kijivujivu, lakini tukitaka kukizidisha tunalazimika kuazima kitenzi kutoka jikoni na kwenye pipa la mtiaji nguo rangi: kukolea.

Uazimaji huo si umaskini. Chumvi hukolea, sukari hukolea, rangi ya kanga hukolea. Katika matumizi yote hayo kukolea ni kufikia kiasi, na wala si kuelekea weusi. Kijivu kilichokolea kwa hivyo si kijivu kilichokaribia kuwa cheusi, ila ni kijivu ambacho kile kitu kilichomo ndani yake kimetosha. Mchora ramani wa nyumba anaposema kwa Kiingereza kwamba anataka kijivu cha giza, anazungumzia mwanga uliopungua. Mswahili anayesema kimekolea anazungumzia kitu kilichoongezwa. Tofauti hii, kama itakavyodhihirika, inalingana vizuri zaidi na yanayotokea ndani ya mkebe.

Tuliangalie jivu lenyewe. Jivu la mkaa ulioungua ukaisha huwa jepesi na karibu jeupe. Jivu la kuni zilizozimwa kabla ya moto kumaliza kazi huwa zito na jeusijeusi, kwani bado limebeba kaboni ambayo haikuungua. Kwa maneno mengine, ukolevu wa jivu ni kipimo cha mkaa uliobaki ndani yake. Mwanamke anayezoa jivu mekoni kila asubuhi anajua vijivu visivyopungua 4 bila kuhitaji kadi ya duka. Katika sehemu kadhaa za mashambani nchini Kenya, kuta hukandikwa kwa udongo na samadi, na wakati mwingine jivu huchanganywa humo. Ukuta wa kijivu basi si mgeni aliyeshuka jana kutoka ng'ambo, ingawa majina yake yote ya dukani ni ya ng'ambo.

Hao wa ng'ambo wenyewe wanaporidhika na rangi fulani huirudishia jina la kitu. Kampuni ya Kiingereza ya Farrow & Ball inauza kijivu kilichokolea kiitwacho Down Pipe, yaani bomba la kuteremshia maji ya mvua ukutani, na kingine kinachokaribia weusi kiitwacho Railings, yaani vyuma vya uzio. Sherwin-Williams ya Marekani inacho kiitwacho Iron Ore, mawe yenye madini ya chuma. Wauzaji hao wamegundua kwamba mnunuzi hawezi kukumbuka kijivu kama wazo tupu, ila anaweza kulikumbuka bomba. Utaratibu ambao Kiswahili kimekuwa nao katika sarufi yake, wao wanaulipia matangazo.

Ndani ya mkebe

Neno rangi katika Kiswahili hubeba maana 2: ile sifa inayoonekana na jicho, na kile kiowevu kinachopakwa kwa brashi. Ubaya wa muungano huu ni kwamba humfanya mteja adhani anaponunua ya pili anapata ya kwanza. Sivyo. Anachonunua ni maji, gundi na unga wa kutia rangi.

Rangi nyeupe hupata weupe na uwezo wa kufunika kutokana na unga wa titani dioksidi. Duka lenye mashine ya kuchanganya huwa na mikebe ya msingi ya aina mbalimbali: ile ya rangi hafifu imejaa unga huo mweupe, ilhali ya rangi zilizokolea ina kidogo tu au haina kabisa, ili iache nafasi ya unga mwingine. Ndiyo sababu kijivu kilichokolea, kinyume na mteja anavyotarajia, huweza kufunika ukuta vibaya katika mpako wa kwanza. Mapaku huonekana, mteja huingiwa na hofu, na fundi hushukiwa kwamba ameongeza maji. Pengine ameongeza kweli. Hata hivyo, asiyeongeza pia hukutana na mapaku hayo.

Weusi nao si mmoja. Kuna unga mweusi unaotokana na masizi, ambao ukichanganywa na nyeupe huelekea kuzaa kijivu chenye ubuluu ndani yake. Kuna mwingine unaotokana na oksidi ya chuma, ambao kijivu chake huelekea joto la udongo. Mashine huongeza pia matone ya manjano, nyekundu, kijani au buluu ili kukifikisha kijivu mahali kadi inapotaka. Matone hayo ndiyo yanayozaa kile kinachoweza kuitwa rangi fiche: ile rangi iliyojibanza nyuma ya kijivu, isiyoonekana kwenye kipande kidogo cha kadi, lakini ambayo hujitokeza pindi kijivu kinapotandazwa kwenye mita 10 za mraba. Hakuna kijivu cha dukani kisicho na rangi fiche. Swali la kumuuliza muuzaji, kwa hivyo, ni nini kimo ndani yake, na si tu kama ni cheusi kiasi gani.

Njia rahisi ya kuiona rangi fiche ni kuweka vipande 3 au 4 vya kijivu kimoja karibu na kingine juu ya karatasi nyeupe. Kikiwa peke yake, kila kimoja kitaonekana kijivu tu. Vikiwa pamoja, kimoja kitaanza kuonekana cha buluu, cha pili kijani kama kuvu, cha tatu zambarau, cha nne kahawia. Hapo ndipo majina ya Kiswahili yanapoweza kufanya kazi halisi. Cha kwanza ni kijivu cha masizi. Cha nne ni kijivu cha jivu la kuni. Chenye ukijani ni cha mawe ya mtoni. Chenye zambarau ni cha wingu la mvua linalokuja jioni. Fundi anayeambiwa mteja wake anataka kijivu cha jivu la kuni wala si cha masizi ameelezwa jambo ambalo nambari ya kadi haimwambii, nalo ni kile kinachotarajiwa. Akiona mkebe uliofunguliwa umeelekea ubuluu, atasimamisha kazi kabla ya brashi kugusa ukuta.

Kipo pia kipimo kinachotajwa katika kadi za kampuni kubwa, cha kuonyesha ni sehemu ngapi katika 100 za mwanga ambazo rangi huzirudisha chumbani. Nyeupe nzuri hurudisha 80 au zaidi. Vijivu vilivyokolea kwa kawaida huwa chini ya 20. Iron Ore iliyotajwa hapo juu ina 6, na Kendall Charcoal ya Benjamin Moore takriban 13. Zote 2 zingeitwa kijivu kilichokolea, na bado moja hurudisha mwanga mara 2 ya nyingine.

Mwanga wa ikweta

Vitabu vya mapambo vinavyouzwa Nairobi vimeandikwa kwa sehemu kubwa Uingereza na Marekani, na kila kimojawapo kina sura inayoonya kuhusu chumba kinachotazama kaskazini. Huko, chumba hicho hakipati jua la moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mwaka, mwanga wake ni wa baridi, na kijivu chenye ubuluu hukifanya kiwe kama jumba la barafu. Onyo ni sahihi kwa London. Likiletwa Nairobi lilivyo, linampotosha msomaji.

Nairobi iko takriban digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa kusini. Katika misimu yote hiyo hupita juu sana, kiasi kwamba dirisha la kaskazini na la kusini hupata jua dogo na kwa zamu. Upande unaotofautisha chumba na chumba ni mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki humwaga jua la asubuhi lenye umanjano moja kwa moja ukutani, kisha chumba hupoa na kuwa na kivuli mchana kutwa. Dirisha la magharibi hufanya kinyume, na jua la saa kumi na moja jioni huweza kukigeuza kijivu cha jivu la kuni kuwa kahawia kabisa. Aidha, Juni hadi Agosti ni miezi ya mawingu na baridi jijini, ambapo mwanga wote ni wa kijivu tayari; ukuta ulioonekana mtulivu Januari huweza kuonekana umenuna Julai. Anayejaribu rangi wakati wa jua kali la Februari na ajikumbushe hilo.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu hivyo, vya huko na vya hapa, hulipa nafasi ndogo mno. Mfanyakazi wa Nairobi huondoka nyumbani kabla ya jua kupanda na kurudi likiwa limekwisha kutua, na jua la ikweta halichelewi: magharibi ni mafupi, na kufikia saa moja usiku giza limetanda mwaka mzima. Ukuta wake anauona chini ya balbu. Balbu nyingi zinazouzwa madukani ni zile nyeupe kali za kelvini 6500, ambazo mwanga wake una ubuluu mwingi. Chini ya balbu hiyo kijivu cha masizi huwa cha chuma. Chini ya balbu ya manjano ya kelvini 2700 au 3000, ukuta ule ule hulegea na kupata joto. Ni kawaida mtu kutumia majuma 2 akichagua rangi na dakika 1 akichagua balbu, ilhali balbu inagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mkebe na inaweza kubadilishwa bila kumwita fundi. Sebule inayokaliwa usiku na ichaguliwe usiku.

Na pale ambapo mwanga ni haba hata mchana? Katika mitaa yenye msongamano wa majumba, kama Pipeline, dirisha la chumba hutazamana na ukuta wa jengo jirani kwa umbali wa hatua chache, na taa huwashwa adhuhuri. Hesabu ndogo inasaidia. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7, sakafu inayorudisha sehemu 30 katika 100 za mwanga, na dari na kuta nyeupe zinazorudisha 80. Wastani wa nyuso zote ni takriban 70. Ukipaka ukuta mmoja mrefu kijivu kinachorudisha 10, wastani unashuka hadi 59 hivi. Ukizipaka kuta zote 4, unashuka hadi 28. Wapo wapambaji wanaoshikilia kwamba chumba cheusi kikubaliwe weusi wake na kupakwa kijivu pande zote, kwa kuwa nyeupe isiyo na mwanga huonekana chafu tu. Hoja hiyo ina ukweli kwa chumba cha kulala. Kwa chumba ambamo mtoto anafanyia kazi ya ziada ya shule mezani, ni anasa inayolipwa kwa macho ya mtoto na kwa bili ya stima.

Wajenzi wa kale wa Lamu walikabili tatizo lilo hilo na kulijibu kwa njia yao. Vyumba vya nyumba zao za mawe vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na chumba cha ndani kabisa kilipata mwanga uliokwisha kupita katika vyumba vingine. Kuta walizipaka chokaa nyeupe, wakachonga zidaka na nakshi katika plasta, hivi kwamba uzito wa chumba ukatokana na vivuli vilivyojificha ndani ya nakshi. Giza liliwekwa juu, kwenye boriti, ambako halimnyang'anyi mtu mwanga wa kusomea. Mpangaji wa Pipeline anayetamani uzito wa kijivu angeweza kuiga hesabu hiyo: kijivu kwenye rafu, mlango au ukuta mmoja unaopakana na dirisha, na weupe kwenye ukuta unaolikabili dirisha, ili mwanga mchache unaoingia urudishwe.

Majirani wa ukuta

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliteuliwa kusimamia utiaji rangi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins, Paris. Miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilikosa nguvu zilipofumwa kando ya buluu na zambarau. Alizichunguza, akazilinganisha na nyuzi nyeusi za kwingineko, na hakuona kasoro katika rangi yenyewe. Kasoro ilikuwa katika ujirani: kila rangi humsukumia jirani yake kivuli cha kinyume chake. Kitabu chake kuhusu kanuni hiyo kilitoka mwaka 1839, na mpaka leo hakuna rangi inayoithibitisha zaidi ya kijivu, kwa kuwa haina nguvu ya kujitetea.

Kijivu kikiwekwa karibu na nyekundu huelekea ukijani. Karibu na rangi ya machungwa huelekea ubuluu. Sasa itazame sebule ya kawaida ya Kenya: makochi ya kahawia iliyoiva au maruni, sakafu ya vigae vyenye umanjano au ya saruji iliyotiwa wekundu, kabati la mbao lililopakwa vanishi. Hivi vyote ni majirani wa upande wa joto, na kila kimoja kinakisukuma kijivu kuelekea baridi. Kijivu chenye ubuluu ndani yake kitasukumwa hadi kiwe buluu waziwazi. Hivyo ndivyo sebule ya buluu ya mteja wetu ilivyozaliwa, na fundi hakuhusika kwa lolote. Palipo na makochi ya kahawia, kijivu cha jivu la kuni, chenye udongo ndani yake, ndicho kitakachobaki kijivu.

Weupe nao ni jirani. Vitambaa vilivyofumwa kwa kulabu, ambavyo vijana hupenda kuvicheka na kina mama huviosha kila Jumamosi, hung'aa mbele ya kijivu kilichokolea kuliko mbele ya ukuta wowote mwingine. Nakshi zake, ambazo hupotea kwenye ukuta wa krimu, husomeka uzi kwa uzi. Kiondo, mkeka, picha ya mahafali yenye fremu ya dhahabu: vyote hunufaika. Kinachoumia ni vitu vya weupe uliochoka. Soketi iliyogeuka manjano na pazia lililopauka havina mahali pa kujificha. Anayepaka ukuta huu na atenge pesa kidogo za soketi mpya.

Kujaribu na kupaka

Kutokana na hayo, kipande cha kadi hakiwezi kuaminiwa, na mpako mdogo wa majaribio juu ya ukuta wa zamani hauaminiki pia, kwa maana umezungukwa na rangi ile ile inayotaka kuondolewa. Lililo bora ni kununua mkebe mdogo kabisa wa rangi hiyo, kupaka ubao mwepesi au kadibodi ngumu ya sentimita 60 kwa 60 mipako 2, kuiacha ikauke, kisha kuisimamisha wima ukutani. Wima, si mezani, kwani kitu kilicholala hupokea mwanga wa dirisha tofauti na kilichosimama. Rangi ya maji ikiwa mbichi huwa na umaziwa na huonekana hafifu kuliko itakavyokuwa ikikauka. Asiyelijua hili hukimbilia kuongeza weusi. Ubao huo utazamwe asubuhi, adhuhuri na usiku, kando ya kochi, kisha kando ya mlango. Siku 3 zinatosha.

Ukuta mpya uachwe ukauke, takriban siku 28, kabla ya rangi yoyote. Plasta mbichi na ukuta wenye unyevu hutoa chumvi nyeupe, na chumvi hiyo ambayo kwenye ukuta wa krimu hujificha miaka mingi, kwenye kijivu kilichokolea huonekana kama ugonjwa wa ngozi. Mombasa na miji mingine ya pwani jambo hili halina mjadala: ukuta unaonyonya unyevu utibiwe kwanza au uachiwe chokaa yake.

Mng'aro nao huamua. Rangi inayong'aa kama hariri husafishika kwa urahisi, lakini juu ya rangi iliyokolea hufichua kila kidonda cha plasta, na taa zilizofichwa darini zikiwashwa, ukuta huonekana kama barabara ya murram. Isiyong'aa huficha vidonda na kukipa kijivu uzito wake kamili, ila kila mkwaruzo wa kiti na kila mguso wa kiganja huacha alama ya weupe. Kwa ukuta wa runinga, usiopitwa na watu, isiyong'aa inafaa zaidi. Kwa ujia ambamo watoto hupita na mabegi, kijivu kilichokolea chenyewe ni uamuzi wa kufikiriwa upya.

Kuhusu kiasi, lita 1 hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mpako mmoja. Ukuta mmoja wa mita 4 kwa 2.7 una karibu mita 11 za mraba, nao utahitaji mipako 3: lita 3.3 hivi, ambazo ni mkebe mmoja wa lita 4. Fundi mzuri hutanguliza mpako wa chini uliotiwa ukijivu, badala ya mweupe, na pengine hupunguza mpako mmoja wa mwisho. Ikihitajika mikebe 2, yote ichanganywe pamoja kwenye ndoo kubwa kabla ya kuanza, kwa kuwa mashine haitoi matone sawasawa kila mara na tofauti itaonekana katikati ya ukuta.

Mpangaji afanye hesabu moja zaidi kabla hajaanza. Kuurejesha ukuta huu kwenye weupe kunahitaji msasa mwepesi, mpako wa chini mweupe wenye kufunika, kisha mipako 2 au 3 ya nyeupe. Akifanya kazi hiyo mwenyewe mwishoni mwa juma la kuhama, gharama huwa ndogo kuliko ile atakayokatiwa. Rangi inayobaki katika mkebe wa lita 4, kama robo tatu za lita, ifungwe barabara na kuwekwa mbali na jua kwa ajili ya mikwaruzo. Kwenye kifuniko huandikwa nambari ya mchanganyiko, tarehe, chumba na idadi ya mipako. Chini yake pana nafasi ya kutosha kuandika jina ambalo mwenye nyumba na fundi walikubaliana juu yake siku ya ubao, liwe jivu la kuni au wingu la jioni, kwa sababu wino wa duka hufutika upesi na fundi atakayekuja mwaka wa 3 huenda akawa mwingine.